Leo Damaris Amesema Nini

Kama kuna mtu aliyewahi kufungwa kwa kosa la kusimulia vizuri mno, basi ni Sellah wa Butere, mke wa Jackton, mama yake Cliff. Hakufungwa kwa pingu wala kwa hukumu ya kadhi. Alifungwa katika nyumba ya ghorofa mbili pale Al-Malqa, Riyadh, kwenye chumba cha ajuza, mbele ya televisheni pana kama mlango wa ghala, chini ya kiyoyozi chenye uwezo wa kugandisha uji ulio bado jikoni.

Kila siku baada ya sala ya alasiri, sauti ilipasuka kutoka chumba hicho.

"Sellah! Yalla, wameanza!"

Hapo Sellah aliacha chochote kilichokuwa mkononi. Kama ni vitunguu, viliachwa nusu. Kama ni kanzu ya bosi, pasi ilisimamishwa wima na kanzu ikangoja. Alijifuta mikono, akaenda kuketi zuliani karibu na miguu ya Hajja, mama mzazi wa bosi. Magoti ya Hajja yalikuwa yamemgomea, na macho yake hakuna aliyewahi kuyafundisha kusoma.

Stesheni ile ya satelaiti ilikuwa ya watu wavivu. Kazi yake ilikuwa moja tu, kurusha vichekesho vya Wamarekani weusi, ikianza na vile vikongwe na kupanda navyo hadi vya juzi juzi. Katika vikongwe hivyo mtu mweusi alikuwa mmoja, mama mnene mwenye kitambaa kichwani. Alipika katika nyumba ya wazungu, akaingia sebuleni kuchekwa, kisha akarudi jikoni. Baadaye zikaja familia nzima za weusi. Ziliishi kwenye majumba marefu yenye lifti mbovu, na baba alifukuzwa kazi kila wiki lakini bado alipata pumzi ya kutania. Baadaye tena baba akafungua duka, wakahamia juu. Kisha baba akawa daktari, mama wakili, na sebule ikaota ngazi katikati. Sellah alizitazama nyumba zile zikipanuka na makochi yakinenepa, akaona fahari kama aliyealikwa kuhamia.

"Hawa weusi, nyumba hii ni yao?" Hajja aliuliza siku ya kwanza ya ile ngazi.

"Ni yao, Hajja."

"Wameinunua?"

"Wameinunua."

"Na nani anawafulia?"

"Wanajifulia wenyewe."

Hajja alimwangalia kama mtu aliyeambiwa ngamia wametaga. "Basi si matajiri kweli," akasema, akarudi kwenye kioo.

Hatimaye stesheni ilifika kwenye kichekesho cha familia ya weusi matajiri kweli kweli, yaani wenye mtumishi. Naye mtumishi alikuwa mweusi vilevile, mwanamke mwenye kiuno na ulimi. Mama wa nyumba alipotoa amri, yeye alijibu. Kila alipojibu, watu wasioonekana walicheka mpaka spika zikatetemeka. Hajja hakuwahi kuona jambo kama lile. Alitaka kujua kila neno.

Maandishi ya Kiarabu yalipita chini ya kioo, ila kwa Hajja yale yalikuwa siafu wanaohama. Ikabidi Sellah awe mdomo. Kiingereza alikuwa nacho, kile cha sekondari kilichokaa wima na kusubiri zamu yake, lakini cha Wamarekani kilipita mbio kama kimeiba kitu. Pale alipopitwa, aliziba pengo kwa Kiarabu chake cha jikoni na maneno ya kujitungia. Akagundua kwamba Hajja huchekea viraka kuliko nguo. Basi akaacha nguo, akawa anashona viraka vitupu. Yule mtumishi akampa jina la Damaris. Mama wa nyumba akamwita Mama Tajiri. Damaris akapata mume mlinzi katika mji wa mbali, mtoto aliyeachwa kwa nyanya yake, na ulimi ambao Sellah mwenyewe aliumeza kila asubuhi pamoja na chai.

Hajja alinona. Majirani walikuja kunywa kahawa na kuuliza, "Leo Damaris amesema nini?" Wapo walioapa kwamba ajuza mmoja wa nyumba ya tatu alicheka hadi meno yake ya bandia yakaangukia kwenye bakuli la tende, na tende zikaliwa hivyohivyo.

Wakati huo mkataba wa Sellah ulikuwa umekwisha tangu kabla ya Ramadhani.

*

Ruhusa ya kuondoka nchini, ile wenyewe wanayoiita khuruji, haikuwa karatasi. Ilikuwa ndani ya simu ya bosi, ambaye ndiye kafili wake, yaani mdhamini wake nchini. Ni kubonyeza tu kwa kidole gumba. Sellah alikuwa amekiona kidole kile kikibonyeza pizza, kikibonyeza taa za bustani, kikimbonyezea paka miadi ya kukatwa kucha. Kwa upande wa Sellah kilikuwa na ganzi.

"Bukra, inshallah," kesho Mungu akipenda, madam, mke wa bosi, alisema kila alipoulizwa. Siku moja alichoka kuzungusha, akasema wazi: "Na nani atakaa na Hajja? Kabla yako alikuwa akilia alasiri nzima. Subiri kwanza kipindi kiishe."

Kipindi kiishe! Stesheni ile ikifika mwisho ilirudi mwanzo, kama punda wa kinu.

Simu ya Sellah ilikaa kwenye droo ya madam, akapewa baada ya vyombo vya mchana. Siku hiyo aliiwasha akakuta Jackton amepiga mara nyingi. Jackton alikuwa mlinzi. Alianzia kwenye maghala ya Al-Sulay, hapo hapo Riyadh, na kwa miezi kadhaa mume na mke waliishi mji mmoja bila kuonana hata kisogo. Kisha kampuni ikamhamishia Jeddah. Sasa alipanga kitanda mtaa wa Kandara, chumba kimoja na Elijah mpika mandazi na wengine, juu ya duka la sabuni.

"Mama Cliff, yangu imetoka," akasema.

"Nini imetoka?"

"Khuruji. Kampuni inafunga, tumepewa wote. Tiketi ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi."

Sellah aliketi juu ya gunia la mchele. "Ijumaa ya mwezi huu?"

"Mwezi gani mwingine? Wewe wamekuambia aje?"

"Bukra."

"Hiyo bukra yao inazaa bukra zingine. Sikia, mama. Nikiwa hapa naweza panga foleni kwa ofisi, nipige kelele, niseme huyu ni bibi yangu. Nikishapanda ndege umebaki na nani? Unamkumbuka Keziah? Bwana yake alitangulia, akasema atamfuatilia akiwa nyumbani. Keziah bado anaosha ngazi."

"Namkumbuka."

"Na Cliff akisimama pale uwanja wa ndege aniulize mama ako wapi, nitamwambia nini? Kwamba nimekuacha unaangalia TV?"

Alisema kama utani, lakini hakuna aliyecheka. Madam aligonga fremu ya mlango kwa pete. "Halas, Sellah. Simu."

*

Kesho yake Sellah aliketi zuliani na mpango kichwani. Kwenye kioo mtumishi alikuwa amebeba sinia, akigombana na mama wa nyumba juu ya wageni wa jioni.

"Damaris anasema nini?" Hajja akauliza.

"Leo Damaris amechoka, Hajja. Anasema: mkataba wangu umekwisha, mume wangu anaondoka, niachieni niende kwetu."

Hajja aliweka tasbihi chini. "Na yule Mama Tajiri?"

"Anasema kesho."

Watu wasioonekana wakaangua kicheko.

"Wanacheka nini hao wapumbavu?" Hajja alifoka. "Mtu anaomba kwenda kwa mumewe, wao wanacheka!"

Sellah akaendelea hivyo siku baada ya siku. Damaris aliomba asubuhi, akaomba jioni, akaomba akiwa amepiga magoti huku anapangusa bafu. Mama Tajiri akasema kesho, akasema mpaka wageni waondoke, akasema mpaka mbwa apone. Hajja alimlaani Mama Tajiri kwa laana za jangwani ambazo hazijasikika tangu visima vichimbwe kwa mikono. Alimtupia kioo mto wa kochi. Siku ya tano akamtupia fimbo, ikabidi Sellah aidake hewani kama golikipa.

"Hana Mungu huyo!" Hajja alihema. "Angekuwa binti yangu ningemkana!"

Sellah akaona ndipo hapo. Akasogea, akashika pindo la gauni la ajuza. "Hajja, na mimi pia mkataba wangu umekwisha. Na mimi mume wangu anaondoka."

Hajja akampapasa shavu kwa mkono mkavu wenye hina.

"Ndiyo maana namshukuru Mungu, binti yangu," akasema kwa upole. "Wewe umeangukia kwa watu wema. Sisi hatutendi kama yule. Wewe hapa uko kwenu. Haya, yalla, wamerudi kutoka kwenye matangazo. Anasema nini?"

*

Kulikuwa na harusi ya ukoo Jeddah, na familia nzima ikahamia huko kwa siku chache, televisheni ya Hajja ikiwa imefungwa mkanda kiti cha nyuma kama mgonjwa. Walipanga ghorofa yenye samani, si mbali na Kandara. Sellah alimtumia Jackton ujumbe wa haraka, kisha akaushika mfuko wa takataka, ambao ndio pasipoti pekee aliyokuwa nayo ya kutoka nje.

Jackton alikuwa amesimama kwenye uchochoro kando ya mapipa, amechomekea shati, amenyoa, na ananukia sabuni ya dukani chini ya chumba chake. Hawakujua washikane mikono au wafanye nini. Kwenye uchochoro kama ule hata kusalimiana kulihitaji ushahidi.

"Umekonda," Jackton akasema.

"Wewe umenenepa kichwa tu."

"Ni hewa ya bahari." Alitoa mfuko mdogo: mandazi ya Elijah, baridi, yamebonyea. "Wamesema aje?"

"Ajuza hataki kuniachilia. Anasema niko kwetu."

"Kwa sababu ya hizo hadithi?"

"Kwa sababu ya hizo hadithi."

"Si uharibu basi! Sema vibaya. Kwani mpishi akitaka kufukuzwa hufanya nini? Si anamwaga chumvi?"

Sellah aliangalia viatu vyake. "Nimejaribu, Baba Cliff."

Alikuwa amejaribu kweli. Alikaa akaamua kusimulia kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa ya mende. Lakini akimwona Hajja anainama mbele, mdomo wazi, shetani wa maneno alimpanda. Kabla hajajizuia Damaris alikuwa tayari juu ya paa na ufagio, na Mama Tajiri chini amevaa taulo, na Hajja anashika mbavu. Tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumsikiliza Sellah hivyo. Si mwalimu, si mchungaji, si huyu aliyesimama mbele yake na mandazi. Hilo hakuweza kulisema kando ya pipa.

Mlinzi wa jengo alitokea kwenye kona. "Wewe! Yalla, yalla, hakuna kusimama hapa!"

"Ni mke wangu," Jackton akasema kwa Kiarabu.

"Leta karatasi ya ndoa."

"Nani anatembea na karatasi ya ndoa kwenye takataka?"

"Basi si mke wako. Ondoka."

Juu yao dirisha likafunguka. Sauti ikashuka ghorofa nne, kali kama ya muadhini aliyechelewa. "Sellah! Wameanza!"

Jackton alimshika kiwiko, mbele ya mlinzi, mbele ya mapipa. "Mama Cliff. Ijumaa ijayo niko kwa ndege. Unaenda na mimi, ama unaenda na hao watu wa TV?"

"Sellah!"

Alipanda ngazi huku mandazi yamo kifuani. Alipofika, Hajja alikuwa ameshika rimoti kwa mikono miwili. "Umechelewa," akasema kwa machozi. "Nimekaa naona midomo tu."

*

Walirudi Riyadh, na siku hiyohiyo madam alipita chumba cha Hajja kutafuta chaja ya simu. Madam alisoma ng'ambo, Kiingereza kwake kilikuwa kama maji ya kunywa. Kwenye kioo mtumishi alikuwa anatoa trei kwenye oveni, moshi umejaa.

"Damaris anasema," Sellah alikuwa akisimulia, amepiga magoti, mikono hewani, "mwanamke huyu ameificha ruhusa yangu kama anavyoficha dhahabu zake kwenye soksi ya mumewe! Chukueni soksi, nipeni ruhusa!"

Hajja alikuwa hoi kwa kicheko. Madam alisimama wima. Dhahabu zake zilikuwa kweli kwenye soksi ya mumewe, na mtu pekee aliyepanga soksi katika nyumba ile alikuwa zuliani pale.

"Keki," madam akasema taratibu. "Anasema keki imeungua."

"Keki gani?" Hajja akauliza.

"Hakuna ruhusa, mama. Hakuna soksi. Hata jina si Damaris! Mwaka mzima huyu anakudanganya usoni." Akamgeukia Sellah, na sauti ikashuka, jambo lililokuwa baya kuliko kupaa. "Kuanzia leo utasema kinachosemwa. Neno kwa neno. Uongo ni haramu katika nyumba hii. Ukiongeza hata moja, simu hutaiona tena."

"Sawa, madam."

Na hapo, katika fedheha yake yote, Sellah akagundua kwamba ameletewa chumvi ya kumwaga, na kijiko ameshikishwa na mwenye nyumba.

*

"Mwanamume anasema: funguo ziko wapi," Sellah alisimulia alasiri iliyofuata, mikono mapajani. "Mwanamke anasema: mezani. Watu wanacheka."

"Wanacheka nini?"

"Haijasemwa, Hajja."

"Na Damaris?"

"Mtumishi anasema chakula tayari. Watu wanacheka."

"Mume wake je? Yule wa mbali?"

"Hana mume. Hajasema ana mume."

Hajja alimtazama kama mtu aliyekuta nyumba yake imebomolewa wakati amekwenda kuchota maji. Safari hii shetani wa maneno alipompanda Sellah, aliuma ulimi mpaka akaonja damu. Ulikuwa mgomo wa ajabu, labda wa kwanza duniani: mtu kugoma kwa kusema kweli.

Siku ya kwanza Hajja alinuna. Ya pili alirudisha sinia ya chakula jinsi ilivyokuja. Majirani walikuja, wakauliza habari za Damaris, wakaambiwa keki imeungua, wakanywa kahawa moja na kukumbuka wana shughuli. Madam aliketi mwenyewe kutafsiri, jicho moja kwenye kioo na moja kwenye simu yake. Hajja alimsikiliza kidogo tu. "Wewe unasema kama mtangazaji wa hali ya hewa," akamwambia, akageukia ukuta. Alianza kulia, kilio kile cha zamani cha alasiri nzima, na kila alipopumzika alimpigia mwanawe simu kazini kumwambia anakufa.

Madam aliingia jikoni, akafunga mlango. "Sellah. Ongeza kidogo."

"Niongeze nini, madam?"

"Yale... ya Damaris."

"Madam alisema ni haramu."

"Nilisema usidanganye. Sikusema usi... Wewe usinichezee!"

"Sichezi, madam." Sellah aliendelea kumenya viazi. "Maneno mafi. Yamekwisha. Mtu akifikiria mume wake anaondoka Ijumaa, maneno hayaji."

Jumatano bosi alirudi mapema, akamwita barazani. Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo aliyatoa huku akiangalia simu.

"Mama yangu hali chakula."

"Namuombea, bosi."

"Anataka hadithi yake iishe. Mmalizie, kisha nitabonyeza."

"Bosi akibonyeza, nitammalizia."

Bosi aliinua macho. Katika miaka yote hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwangalia usoni, na ilionekana alishangaa kukuta pana mtu. Kabla hajasema neno, ukuta ukapiga kelele: "Bonyeza, wewe mtoto! Unataka nife bila kujua Damaris ameishia wapi?"

Kidole gumba kikashuka. Simu ya Sellah ikalia ndani ya droo. Aliitoa, akampelekea Justus, dereva wa nyumba, Mkamba aliyekaa Riyadh hadi akajifunza kusoma Kiarabu kwenye mabango ya petroli. Justus alisoma ujumbe mara mbili, akavua kofia.

"Imeingia, Mama Cliff. Wewe ni mtu huru."

Ila bosi alikuwa bado mlangoni. "Kesho alasiri unamalizia," akasema. "Vizuri. Asilie. Nilichobonyeza naweza kukibatilisha kwa kidole hikihiki, mpaka ndege iruke."

*

Basi la Jeddah, kwa Jackton aliyekwisha kumkatia tiketi ya ndege, lilikuwa la Alhamisi kabla ya magharibi. Sanduku la Sellah lilikuwa tayari kwenye buti, pasipoti ndani yake, Justus kwenye usukani, na viatu vya Sellah barazani karibu na mlango, ncha zimeelekea nje.

Hajja alikuwa ameoga, amejitia udi, amevaa kama anayekwenda harusini. Hakungoja hata muziki wa mwanzo uishe.

"Haya. Damaris."

Sellah aliachia ulimi. Alitoa hadithi kama hajawahi kutoa. Mama Tajiri aliota ndoto ya kutisha, akaamka anatetemeka, akampa Damaris ruhusa kwa mikono miwili. Damaris akafunga sanduku. Nyumba nzima ikapanga mstari, mbwa naye akapiga saluti. Mume wake alikuwa akingoja kando ya gari, amenyoa, ananukia sabuni. Damaris akatembea hadi langoni.

"Bado," Hajja akasema.

"Bado nini, Hajja?"

"Na yule ajuza?"

Sellah aliangalia kioo. Alikuwamo baba, mama, watoto wawili na mtumishi. "Ajuza yupi?"

"Yule wa chumba cha chini. Hawamwonyeshi. Lakini yumo, najua yumo. Kila nyumba kama ile anakuwamo." Hajja alimshika mkono wa gauni. Vidole vilikuwa vyepesi, lakini vilishika kama gundi. "Damaris akienda, yeye nani atazungumza naye? Mtoe. Mtoe naye."

Huko nje Justus alipiga honi mara moja, kwa adabu.

Sellah akamtoa. Damaris alirudi kutoka langoni, akamweka ajuza kwenye kiti cha magurudumu, akamsukuma ukumbini. Hajja akasema ajuza amesahau shali. Damaris akarudi kuchukua shali. Wakafika barazani, Hajja akasema dawa za presha. Damaris akarudia dawa. Wakashuka kwenye bustani, na Hajja, machozi yanamtiririka kwa raha, akasema hapana, ajuza hawezi kutoka bila kumuaga marehemu mumewe, picha yake iko ukutani, warudi. Na Damaris akawa anarudi. Kila alipokaribia lango, lango lilisogea hatua moja.

Honi ikalia tena, sasa bila adabu.

Sellah alisikiliza sauti yake mwenyewe ikisimulia, tamu, bila kuchoka, na akaelewa. Hadithi hii hakuna mahali ingekwenda kuisha. Mwisho wowote atakaoutoa, Hajja ataufungua na kuingia tena ndani, naye atamfuata, jioni, kesho, Ijumaa. Ulimi wake ungemweka hapo kwa hiari yake. Na zaidi ya hayo, alitamani kujua ajuza atasahau nini tena.

Alivitoa vidole vya Hajja kwenye gauni lake, kimoja kimoja, kama mtu anayetoa miiba, huku hadithi inaendelea kutoka mdomoni.

"Damaris akafungua lango," akasema, akisimama. "Wote wawili wakaona barabara, pana, jua limelala juu yake. Damaris akainama, akamwambia ajuza: wewe nisubiri hapahapa kidogo, usitoke, mimi naleta..."

Na kwa neno hilo akatoka chumbani.

"Naleta nini?" Hajja akauliza, uso umemwelekea mlango, unatabasamu.

Sellah alikuwa amefika barazani. Alipata kiatu cha kulia. Cha kushoto hakikuwapo, paka au mtoto alikuwa amecheza nacho, na alikaa sekunde moja amesimama kwa mguu mmoja kama korongo.

"Sellah! Anamletea nini?"

Alikimbia kwa kiatu kimoja juu ya marumaru ya moto, akafungua mlango wa gari, akajitupa ndani.

Justus alitazama mguu ule mtupu. "Mama Cliff, kiatu chako?"

"Endesha," Sellah akasema.